Pakanga ipi hiyo iliyoko kikombeni?

Ubishi wa artemisia, pakanga inayochemshwa chai, kila siku unaishia palepale, mmoja anasema chai imemtoa malaria mwingine anasema uzushi mtupu kameze mseto, na wote hakuna anayeuliza hilo jani limechumwa kwenye mmea gani. Maana ukisema pakanga unaweza kuletewa mimea miwili tofauti. Kuna annua ya Uchina, ile iliyompa mwanasayansi wa kwao Tu Youyou Nobel 2015 kwa kutoa artemisinini, kile kiini kinachoua vimelea vya malaria, ndani yake, hiyo inaota inatoa maua inakufa, mwaka mmoja basi. Alafu kuna afra ya milimani kwetu, majani kijivujivu, artemisinini haina au ni kiduchu mno. Jirani yangu kichaka chake mwaka wa tatu huu, anakata kinachipua, anagawia mtaa mzima "dawa ya malaria". Jamani hiyo ni afra!

Haya tuseme unayo annua kweli, bado. Mbegu nyingine majani yake hayafiki hata asilimia 0.1, chotara zinavuka 1. Ukiloweka gramu 5 za majani makavu kwa lita ya maji, huyu ana miligramu 5 yule 50, na hapo ni kama yote ingetoka, wakati artemisinini na maji haviivani vizuri. Mseto kwa mtu mzima ni vidonge vinne, miligramu 80 za artemetha (inayotengenezwa kutokana na artemisinini), mara mbili kwa siku, siku tatu. Na ukitunza mbegu za chotara ukapanda tena, watoto hawafanani na mama, ndo maana wanaojua wanapandikiza vijiti.

Wapenzi wa mitishamba wanasema jani sio artemisinini peke yake, kuna flavonoidi, kemikali nyingine za jani, nazo huenda zinasaidia, na chotara zilitengenezwa kwa ajili ya viwanda sio kikombe. Hoja ipo, siikatai, ila inawarudia wenyewe: huo mchanganyiko nao unabadilika kwa aina ya mbegu, udongo, hadi siku ya kuvuna. WHO wanaikataa chai wakiogopa dozi hafifu kuwazoesha vimelea dawa, na Rwanda, Uganda hadi Kagera vilivyoanza kuizoea vimeshaonekana. Hapo niko nao, japo kuwaambia watu "msinywe" bila kuwaonyesha hesabu ya kikombe ni kazi bure.

Jirani nilimweleza, akanijibu mbona kikohozi chake kimeisha. Kikohozi sawa bwana, afra kwa kifua bibi zetu wameitumia miaka na miaka, ila mtoto akichemka mpeleke akapimwe.