Sheli za zamani: paa libaki, matangi yatoke

Mwanza, kituo cha mafuta ni sheli tu, hata kama ukutani limeandikwa jina la kampuni nyingine kabisa. Katikati ya mji ipo moja ninayoipita karibu kila siku. Pampu ziling'olewa siku nyingi, lakini paa la zege bado limesimama juu ya nguzo mbili nyembamba, na ukuta wa mbele umepindwa ufuate kona ya barabara. Chini yake fundi anaziba pancha, bodaboda wanajibanza mvua ikishuka, na mama mmoja anakaanga sato.

Wanaotaka majengo kama haya yavunjwe wana hoja. Kiwanja cha kona mjini ni mali, na ghorofa la fremu litalisha familia nyingi kuliko kibanda cha pancha. Tena sheria haiwabani: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, na ya baadaye mpaka yatangazwe.

Ila wakisema sheli si jengo la kuhifadhiwa, hapo siwafuati. Asmara, Eritrea, kuna kituo cha Fiat Tagliero kilichochorwa na Giuseppe Pettazzi mwaka 1938, chenye mbawa mbili za zege zinazotoka kama mita 15 kila upande bila nguzo hata moja. Leo ni fahari ya mji ulioingia Urithi wa Dunia mwaka 2017. Montreal, Kanada, kituo alichobuni Ludwig Mies van der Rohe mwishoni mwa miaka ya 1960 kilifungwa 2008, kisha kikageuzwa ukumbi wa vijana na wazee wa mtaa. Sheli yetu haina jina la msanifu mkubwa, lakini ina kivuli ambacho mpita njia hakilipii. Ghorofa la fremu halitampa mtu kivuli hicho.

Kinachoninyima usingizi kiko chini ya ardhi. Matangi ya zamani ni ya chuma kitupu, na chuma kikikaa udongoni miaka mingi huoza. Petroli ikivuja hupenya ardhini, na ikikuta maji huelea juu yake. Ndani yake mna benzini, kemikali inayosababisha saratani ya damu, na petroli ya miaka ile ilikuwa na madini ya risasi pia. Mji wetu umekaa juu ya mawe. Maji hupita kwenye nyufa za miamba kuteremka mto Mirongo na ziwani, na ziwa ndilo tunalokunywa.

Siku moja niliinama kuokota chenji pale kwa mama wa samaki. Jiko lake la mkaa lilikuwa limekaa hatua mbili kutoka kwenye mfuniko wa chuma wa kujazia tangi. Tangi tupu lenye mvuke wa petroli ni hatari kuliko lililojaa.

Kwa hiyo alibakize jengo au alivunje, mwenye kiwanja asipewe kibali cha kubadili matumizi kabla matangi hayajafukuliwa na udongo kupimwa. Gharama ni kubwa, nakubali, na si haki kumbebesha peke yake aliyenunua kiwanja juzi. Kampuni iliyouza mafuta pale miaka yote hiyo nayo ichangie.