Kupika nyumbani ndo kula vizuri? Ngoja kwanza

Dar hii kuna ushauri kila mtu anautoa, dokta anautoa, watu wa jogging wanautoa, hata shangazi aliyeambiwa juzi ana presha anautoa: acha kula nje, pika nyumbani. Kwa sehemu kubwa nakubaliana nao. Ila kuna watu wanapika nyumbani kila siku ya Mungu na wanakula vibaya kuliko jamaa wa Kariakoo ambaye mchana wake wote uko kwa mama ntilie, na hilo watoa ushauri huwa wanaliruka.

Nyumbani pana faida moja kubwa, mafuta na chumvi unavishika mwenyewe. Chipsi mayai ya saa nne usiku inatoka kwenye karai ambalo limeanza kukaanga tangu jioni, mafuta yameshabadilika rangi na hayamwagwi, yanaongezewa tu mengine juu, na mafuta yakichemshwa tena na tena yanaharibika hata kama harufu bado inakuita. Hapo huna la kusema, unakula ulichopewa na pilipili juu.

Sasa njoo jikoni kwetu. Mboga ya watu wanne, mtoto katumwa kwa mangi kuchukua mafuta ya kupima robo lita, na yote yanaingia sufuria moja siku hiyo hiyo kwa sababu mchuzi usipoelea mafuta unaonekana umepikwa na mtu aliyefulia. Robo lita ya mafuta ina kalori kama 2,000 hivi, karibu chakula cha mtu mzima cha siku nzima, ukigawa kwa wanne kila mmoja kameza kalori 500 na ugali bado hajaugusa! Chumvi nayo, Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asivuke gramu 5 kwa siku, ambayo ni kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, sisi tunaweka chumvi, tunavunjia na kile kiungo cha mchuzi cha kipande ambacho chenyewe ni chumvi kwa wingi, afu mezani baba anaomba chumvi kabla hajaonja. Sukari hata tusiongee sana, vijiko vitatu kwenye chai ya asubuhi na vitatu jioni ni kama gramu 24, na hao hao wanashauri ikiwezekana ibaki chini ya 25. Soda hujafungua.

Yani uhuru wa kuamua tunao ila hatuutumii.

Upande wa pili, sahani ya mama ntilie inaonewa. Mama ntilie mzuri anakupa wali, maharage, mchicha au matembele, samaki ukiwa na hela, na kipande cha tikiti pembeni. Linganisha na chakula cha usiku cha nyumba nyingi, ugali mlima na dagaa vijiko viwili. Kisa hasa ni moto. Maharage yanakula mkaa balaa, yeye anachemsha sufuria ya watu hamsini kwa jiko moja, wewe uliyepanga chumba kimoja Tandale unachemsha bakuli la mtu mmoja kwa mkaa ambao hugawani na mtu, kwahiyo unaishia kukaanga mayai. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, sawa, ila mtungi wa gesi ukiisha tarehe 20 mpikaji anarudi kwenye mkaa bila kuuliza mtu. Kuloweka maharage usiku kucha kunapunguza muda wa kuchemsha kwa kiasi kikubwa, na hiyo haina gharama.

Dona ndo mfano unaonikera zaidi maana watu wanaufanya mwepesi. Ni kweli mahindi yakikobolewa yanapoteza ganda na kiini, pamoja na nyuzinyuzi na sehemu kubwa ya vitamini, kwahiyo dona inashibisha zaidi na ni bora kwa wengi. Lakini sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, nayo inakaa zaidi kwenye hizo hizo sehemu zinazokobolewa, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 kule Dodoma na Manyara watu 20 walikufa kwa mahindi yenye sumukuvu. Sasa mtu ananunua dona ya kupima ambayo hajui mahindi yake yalikaaje stoo, anajiona mzima kuliko anayekula sembe. Kama unaweza nunua mahindi makavu, chambua yaliyooza na yaliyobadilika rangi, peleka mashine mwenyewe. Kama huna huo muda, sembe na mboga za majani nyingi haitakuua, na unga wa viwandani wenye alama ya virutubishi umeongezwa madini chuma na foliki asidi.

Afu kuna habari ya muda. Mtu anatoka Chanika au Mbagala saa kumi na moja alfajiri, anarudi saa tatu usiku kachoka na foleni, unamwambia apike kiafya, anapika saa ngapi? Na tuseme ukweli, tukisema "tupike nyumbani" mara nyingi tunamaanisha mama au dada wa kazi apike, waliobaki tutoe maoni. Matokeo yake familia inakula saa nne na inalala nne na nusu, au wali unapikwa mwingi na kiporo kinalala juu ya meza, na kwa joto la Dar wali uliolala nje ya friji unaweza kukupa tumbo la kukuharibia siku.

Kwahiyo mimi anayeishi peke yake na kurudi usiku namwambia ale mchana kwa mama ntilie bila aibu, aombe wali nusu, maharage na mboga zijae, asichotewe yale mafuta ya juu ya mchuzi, usiku akate parachichi na mkate basi. Mwenye familia apike, ila mafuta yapimwe kwa kijiko, vijiko vinne kwa watu wanne vinatosha kabisa na ladha itafutwe kwenye kitunguu, nyanya, ndimu na tangawizi. Na baba akitangulia kufika, maharage ya kesho ayaloweke yeye.