Mchele tunao, mikono ndo hakuna

Mtu akiniuliza kwenye daladala nafanya kazi gani, nikamwambia nahudumia wazee kwenye makazi, swali linalofuata ni lilelile kila siku, "kwani hao hawana watoto?" Wengine wanao bwana. Wengine wamezika watoto wote, wengine walikuja mjini kubeba mizigo bandarini miaka hiyo wakazeekea hapahapa, kijijini hawajulikani tena, na kuna mmoja mwanae yupo Tabata anakuja kila Jumapili akitoka ibadani na ndizi mbivu kwenye mfuko. Mimi sijaajiriwa kuwahukumu watoto wa watu, na ukishashinda zamu moja tu unamgeuza mtu mzima asiyejiweza utaelewa kwa nini familia nyingine zinasalimu amri, maana mtu wa hivyo anatakiwa ageuzwe kama kila baada ya masaa mawili, usiku na mchana, la sivyo mgongo na nyonga vinachubuka na kile kidonda hakiponi leo wala kesho.

Pampasi unazoea wiki ya kwanza, hilo sio ishu. Kinachotuumiza ni muda. Tuna bibi mmoja alipata kiharusi, mkono wa kulia hauinuki na kumeza ni kwa shida. Uji wake hautakiwi kuwa mwepesi, unamkalisha wima kabisa, kijiko nusu, unasubiri, unaangalia koo lipande lishuke ndo unatia kingine. Akipaliwa uji unaweza ukashukia kwenye mapafu ikawa nimonia. Kikombe kimoja dakika 40! Na hapo wengine saba hawajanywa chai, mwenzio kampeleka mzee hospitali, unafanyaje sasa? Kuna siku nilikimbiza kijiko, bibi akapaliwa macho yakamtoka, nikamwinamisha huku natetemeka mwili mzima. Alivyorudisha pumzi akanizaba kibao na ule mkono wake mzima. Halali yangu.

Ndo maana tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, huwa sichangamki sana. Wanakuja watu na fulana za sare, mchele, sabuni, khanga, hotuba, picha, saa saba hao wameshaondoka. Sio kwamba nadharau, mchele unaliwa na sabuni ndo usiseme, kwa mashuka tunayofua haimalizi wiki. Ila sijawahi kumsikia hata mgeni mmoja akiuliza usiku mnabaki wangapi. Tunabaki wawili. Ingekuwa mimi ndo napanga, hela ya kuchapisha zile fulana ingemlipa mhudumu wa tatu hata kwa miezi michache, lakini mshahara wa mtu haupigwi picha ukapendeza, najua.

Kasheshe yenyewe ni magharibi. Giza likianza kuingia wale wazee wenye kusahau wanavurugika, huyu analia, yule anamtafuta mama yake. Babu mmoja yeye anafunga nguo zake kwenye shuka, anavaa koti, anaenda kukaa getini kusubiri basi la Kilwa. Mwanzoni nilikuwa nabishana naye, babu hapa ndo kwako, ikawa ugomvi kila jioni mpaka siku moja nikala bakora ya bega. Dada mmoja wa siku nyingi pale akaniambia we usibishane naye, mfuate hukohuko aliko. Basi sikuhizi nakaa naye kwenye benchi, namwambia basi la mwisho limeshaondoka babu, twende tukalale kuna la alfajiri. Kuna ndugu yangu ananiambia huo ni uongo na uongo ni dhambi, aje yeye zamu ya usiku tuone.

Juzi babu huyo kaniuliza kama pantoni ya Ndundu, ile ya kuvukia mto Rufiji njia ya Kilwa, bado inavusha saa hizi. Daraja pale lipo tangu 2003. Nikamwambia usiku hawavushi babu. Akatikisa kichwa, akasema "wavivu wale, tangu zamani", akanipa furushi lake nimbebee tukarudi ndani.