"Dada, nipe azuma"

Mapema 2021 nilikuwa kwenye foleni ya duka la dawa muhimu mtaani kwetu. Kijana aliyenitangulia hakueleza anaumwa nini. Alisema tu, "Dada, nipe azuma." Alipotajiwa bei akahesabu hela zake, akaomba auziwe vidonge 2 badala ya 3. Dada akachukua mkasi, akamkatia viwili. Aliyefuata naye akataka azuma.

Azuma ni azithromisini, antibiotiki. Kazi yake ni kuua bakteria, na Korona, ambayo watu waliinunulia, ni kirusi. Ndiyo maana hadithi kama hii ikisimuliwa mbele ya wataalamu, jibu huwa jepesi: wananchi hawana elimu ya dawa. Nusu yake nakubali.

Kijana yule hakuiota azuma usingizini. Mwaka 2020 madaktari wa Ulaya na Marekani wenyewe walikuwa wakiwaandikia wagonjwa wa Korona azithromisini pamoja na haidroksiklorokwini, dawa ya malaria. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliiruhusu haidroksiklorokwini kwa dharura mwishoni mwa Machi, ikaifuta ruhusa hiyo Juni 15. Desemba, watafiti wa jaribio la RECOVERY la Uingereza wakatangaza kwamba azithromisini nayo haikuwasaidia wagonjwa waliolazwa. Ila ruhusa ilipigiwa tarumbeta, na kukanushwa kukapita kimyakimya. Mtaani ilifika ya kwanza.

Na huku kwetu Tanzania? Mei 2020 serikali ilituma ndege Madagaska kuchukua dawa ya mitishamba. Februari 2021 Waziri wa Afya, Dk. Dorothy Gwajima, alikunywa mbele ya waandishi wa habari mchanganyiko wa tangawizi, vitunguu, malimao na pilipili. Julai mwaka huohuo Rais Samia akachanjwa hadharani. Raia aliyeyasikia yote hayo ndani ya miezi 14 akaamua kujinunulia kila kitu kidogo kidogo, mimi siwezi kumwita mjinga. Alikuwa anajikatia bima.

Nyungu, ile ya kujifukiza dhidi ya Korona, kusema kweli haikunisumbua sana. Mvuke wa mchaichai na mikaratusi unafungua pua, mtu anapata usingizi. Hatari yake ilikuwa sufuria ya maji ya moto chini ya blanketi moja na watoto, na yule aliyejifukiza siku 5 huku pumzi inakata, hataki kusikia habari ya hospitali.

Azuma ni habari nyingine, na hapa wanaolalamika wana haki. Dawa hiyohiyo hugawiwa vijijini dhidi ya trakoma, ugonjwa wa macho, na hutegemewa pale taifodi inapogoma kusikia dawa nyingine. Kila dozi isiyo na sababu inawapa bakteria nafasi ya kuizoea. Wenye umri wangu tunaikumbuka klorokwini, uchungu wake na ile miwasho ya usiku kucha. Nchi iliacha kuitegemea kwa malaria mwaka 2001 kwa sababu vimelea vilishaizoea.

Basi tukaze kamba, asiye na cheti cha daktari asiuziwe? Kwa antibiotiki, ndiyo. Lakini maduka haya yalianzia Ruvuma mwaka 2003 kwa sababu vijijini hapakuwa na famasi, na mpaka leo kwa wengi ndiyo zahanati ya kwanza. Cheti kina gharama zake: hela ya kumwona daktari, nauli, nusu siku ya kibarua. Mwaka ule kilikuwa na gharama nyingine, woga wa kuingia wodini usitoke. Ukimzuia mtu azuma bila kugusa hayo, umemhamishia mlango wa pili tu.

Zamu yangu ilipofika nilimuuliza dada kama anajua azuma haitibu Korona. Alicheka. "Najua, kaka. Nikimwambia arudi nyumbani akanywe maji na panadol, anavuka barabara kwa mwenzangu, na kesho hata hiyo panadol hanunui kwangu." Akanifungia dawa yangu ya kikohozi, ambayo nayo, nikiri, sikuwa na cheti chake.