Msomaji mlei si kiraka

"Jumapili hii hatuna ibada, kasisi hayupo." Waanglikana wengi wamewahi kuitamka kauli hii, huku msomaji mlei, yaani muumini asiye kasisi aliyeruhusiwa na askofu kuongoza ibada, amesimama pale pale, skafu ya bluu shingoni na mahubiri mkononi. Ibada ipo. Sala ya Asubuhi katika Kitabu cha Sala cha 1662 inamdai kasisi mahali pamoja tu, penye tamko la ondoleo la dhambi, na hapo mlei husoma sala ya kuomba msamaha pamoja na watu. Zaburi, masomo, kanuni ya imani na maombi, yote anaweza kuyaongoza. Askofu akimpa leseni, atahubiri pia. Katika Kanisa la Uingereza anaweza hata kuzika, mradi ana idhini na wafiwa wameridhia.

Wanaosita kuwaachia walei kazi hizi si watu wa kubezwa. Wanaishika Ibara ya 23, miongoni mwa zile Ibara 39 za mafundisho ya Kianglikana, inayomkataza mtu kujitwalia mahubiri ya hadharani au huduma ya sakramenti kabla hajaitwa na kutumwa kihalali. Wanauliza: anayejitolea akipotosha mafundisho, nani atamwajibisha? Akiudhika akaacha kazi katikati, nani atamrudisha? Halafu kuna ulinzi wa watoto na wagonjwa. Mtu akikabidhiwa darasa la Jumapili kwa sababu tu ndiye aliyenyoosha mkono, kanisa limezembea, na hapo sina utetezi wowote.

Lakini Ibara hiyo isomwe hadi mwisho. Inataka mtu aitwe na kutumwa na wenye mamlaka. Haisemi kila anayetumwa awe kasisi. Maaskofu wa Uingereza walipoihuisha kazi ya usomaji mwaka 1866, na wanawake walipofunguliwa mlango mwaka 1969, hakuna aliyeruhusiwa kujituma. Msomaji hufundishwa, huchunguzwa, huahidi kumtii askofu, na leseni yake inaweza kufutwa. Kwa hiyo hofu zile zinatudai tumwandae mlei vizuri zaidi. Hazitudai tumkalishe.

Wapo waliotaka kwenda mbali zaidi. Mwaka 1999 sinodi ya Dayosisi ya Sydney, Australia, ilipitisha kwamba walei waweze kuongoza Ushirika Mtakatifu, yaani ibada ya mkate na divai, na Askofu Mkuu Harry Goodhew akakataa kuidhinisha. Nadhani alifanya sawa. Roland Allen, kasisi mmisionari aliyefanya kazi China na kufariki Nairobi mwaka 1947, alikuwa na njia bora: penye waumini wanaokosa Meza ya Bwana kwa kukosa kasisi wa mshahara, wawekewe mikono wawe makasisi wazee wao wenyewe wanaoaminika, waendelee kula jasho la kazi zao.

Linalonisumbua zaidi ni siku kasisi anapofika. Mama mmoja ameshika usharika miaka mitatu. Anajua nani hajapata usingizi tangu azike mumewe, nani ameacha kuja kwa aibu ya deni, kijana gani anauliza maswali magumu na anastahili kusikilizwa. Kasisi mpya anasimikwa kwa shangwe, na Jumapili inayofuata mama huyu yuko benchi la nyuma. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemshukuru pia, wala aliyemwuliza anajua nini. Baada ya mwezi skafu imekunjwa kabatini, na leseni inapoisha muda hakuna anayekumbuka kuihuisha. Kasisi naye anaanza kujifunza upya, nyumba kwa nyumba, mambo ambayo angeambiwa katika jioni moja. Wakati anajifunza, yule mjane hajatembelewa.

Hapo ndipo dhana ya kiraka inapoliumiza kanisa. Kiraka hubanduliwa nguo mpya ikipatikana. Lakini mlei hakupewa wito wake na pengo la kasisi. Ameupokea katika ubatizo, na pengo likizibwa wito haujaisha.

Kuna hoja moja ya wapinzani ambayo sisi watetezi huiruka haraka mno: kujitolea kunaweza kugeuka kibarua cha bure, na mara nyingi mzigo huangukia wanawake na wastaafu. Ni kweli. Anayejitolea arudishiwe nauli, alipiwe mafunzo, apewe miezi ya kupumzika bila kuonekana amepoa kiroho. Haya yanagharimu, na baraza la parokia linalopanga bajeti ya ukarabati wa paa lakini si ya mafunzo ya wasomaji wake limeshaonyesha linamthamini nani.

Ningependa pia jambo moja dogo lifanyike siku ya kusimika kasisi. Askofu akimaliza kusoma barua ya uteuzi, awaite mbele wasomaji na wainjilisti walioshika mahali pale, azisome leseni zao kwa sauti ile ile, kisha amwambie kasisi mpya mbele ya watu wote aanze ziara zake akiongozana nao.