Msiwasingizie Vijana Peke Yao

Juzi tulimzika kijana wa boda hapa Busia, upande wa Uganda, na mpaka leo hasira haijanitoka. Jeneza lilisindikizwa na pikipiki nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu. Vijana wamesimama juu ya viti, matawi mikononi, wengine watatu watatu, honi hazinyamazi, injini zinalia mpaka watoto wanaziba masikio. Mmoja aliinua tairi la mbele hatua chache kutoka gari lililobeba maiti. Karibu wote vichwa wazi. Na tuliyekuwa tunampeleka kaburini alikufa kwa kupasuka kichwa. Helmeti alikuwa nayo. Ilikutwa inaning'inia kwenye usukani.

Pale matangani mzee mmoja alipewa kipaza sauti, akasema vijana wa siku hizi hawaogopi kufa, kwamba zama zao pikipiki iliheshimiwa. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi sikukubaliana naye, na kwa kuwa msibani si mahali pa kubishana na mzee, nayasema hapa.

Ni kweli zama zao pikipiki iliheshimiwa. Iliheshimiwa kwa sababu haikuwa mali yao. Miaka ya 1980, kijijini kwetu, pikipiki ilikuwa ya padri, ya afisa kilimo, ya daktari wa mifugo. Mjomba wangu alikuwa huyo wa mifugo. Pikipiki aliyokabidhiwa ilikuja na helmeti, koti la mvua na daftari la kuandika safari na mafuta. Akiikwaruza, anaandika barua ya maelezo. Helmeti aliivaa hata akienda dukani kununua chumvi, na sisi watoto tuligombania kumpokea akishuka, maana kuishika tu ilikuwa heshima. Mjomba hakuwa na akili kuliko kijana wa leo. Alikuwa na mshahara, hata kama ulichelewa, na mshahara ule haukuongezeka akikimbia wala kupungua akienda polepole. Hakuna mtu aliyempiga piga mgongoni akimwambia aongeze mwendo. Na juu yake kulikuwa na mkubwa wa kumuuliza maswali.

Kazi ya boda ilizaliwa hapahapa kwetu, miaka ya 1960 na 1970, kwa baiskeli zenye mto nyuma zilizovusha watu na mizigo kati ya upande wa Uganda na upande wa Kenya. Wazee waliozikanyaga bado tunao. Baiskeli ikikuangusha unaondoka na goti lililochubuka, na mwendo wake ulikuwa na mpaka, kwa sababu miguu huchoka. Kisha pikipiki zikaingia, miaka ya 1990 zikawa nyingi, na kazi ileile, kwa desturi zilezile za kugombania abiria, ikahamia kwenye mashine inayokimbia kilomita 80 kwa saa pembeni ya matrela yanayotoka Mombasa. Kati ya baiskeli na pikipiki hakuna aliyekaa na vijana akawafundisha kitu. Wazee hawahawa ndio waliouza ng'ombe kuwanunulia watoto wao pikipiki.

Leo kijana anajifunza jioni moja kwenye uwanja wa mpira, mwalimu wake ni rafiki aliyejifunza vivyo hivyo. Anaonyeshwa klachi, gia na mafuta. Breki ataijulia barabarani. Pamiti, yaani leseni ya udereva, ataikumbuka siku atakaposimamishwa na trafiki. Vioo vya pembeni anaving'oa siku ya kwanza, anasema vinamzuia kupenya kati ya magari. Baada ya siku chache yuko kwenye steji, kituo ambapo boda hungoja abiria, na nyuma yake amekaa mama mwenye mtoto mgongoni.

Na pikipiki hiyo mara nyingi si yake. Ni ya mkopo, au ni ya tajiri anayetaka hesabu yake kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Asipopeleka, inachukuliwa, na alizokwisha kulipa zimekwenda. Mtu anayesema kijana huyu haogopi kitu hajawahi kumtazama saa kumi na mbili jioni akiwa bado hajatimiza hesabu. Anaogopa sana. Anachoogopa kipo leo jioni, kina jina na namba ya simu. Ajali iko mbali, na huenda ikampata mwingine.

Halafu kuna sisi tunaokaa nyuma, na hapa sitakwepesha maneno. Mwendo wa boda unaamuliwa na abiria. Ni mwalimu aliyechelewa gwaride ndiye anayesema "kanyaga mafuta". Ni karani wa forodha mwenye shati la pasi. Ni mama anayerudi kutoka Sofia, hapahapa Busia, na nyanya zinazoharibika kwa jua. Kwenye steji ninayopandia yuko kijana mmoja ambaye hafiki miaka thelathini, anavaa helmeti muda wote, jaketi lake lina mistari ya kung'aa, kwenye kona anapunguza mwendo, vioo vyake vya pembeni havijaguswa. Wenzake wamempa jina la Mzee, na hawamsifu wanapomwita hivyo. Nimesikia kwa masikio yangu abiria, watu wazima wenye familia, wakimpita pale pale yuko wa kwanza kwenye foleni: "Huyu ni mpole sana, atanichelewesha." Wanapanda na wa nyuma yake, yule mwenye egzosi inayopiga kelele. Kijana anayetazama jambo hilo kila asubuhi anajifunza nini? Anajifunza kwamba uangalifu unamlaza njaa. Hilo ni darasa, na ada tunailipa sisi, shilingi elfu moja elfu mbili kila siku.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba ujana wenyewe una mchango wake. Mtu wa miaka kumi na tisa akiwa na mashine kati ya mapaja yake na wasichana wamesimama kando ya barabara atafanya mambo ambayo wa miaka arobaini hayafanyi. Imekuwa hivyo tangu dunia iwe dunia, na haikuanzia Uganda. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 kuliko sababu nyingine yoyote, duniani kote. Lakini nyumba, shule, steji na sheria vipo kwa ajili ya kuushika mkono ujana huo mpaka upite. Nalaumu mikono iliyoachia.

Kuhusu helmeti, nimewasikiliza vijana na sababu zao si za kipuuzi zote. Joto la mchana. Jasho la abiria aliyetangulia. Akina mama waliosuka jana hawataki kuharibiwa nywele. Wengine wanasema abiria wa usiku humwogopa dereva aliyefunika uso, wakidhani ni mwizi. Sawa. Lakini tafiti nyingi zilipokusanywa na kupimwa pamoja zilionyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi. Na kwetu huku hesabu ni kali zaidi. Ukipasuka kichwa Busia utapelekwa hospitali ya Masafu, Masafu watakuandikia Mbale, na Mbale ikishindikana ni hospitali ya Mulago, Kampala, safari ya kilomita 200 hivi kutoka hapa mpakani, huku ndugu zako wakichangishana mafuta ya gari la wagonjwa. Damu inayovuja ndani ya fuvu haingoji michango. Mtu wa mji wenye daktari wa upasuaji wa ubongo jirani anaweza kujidanganya. Sisi hatuna hata nafasi hiyo ya kujidanganya.

Polisi wamehesabu waliokufa barabarani nchini: 4,534 mwaka 2022, 4,806 mwaka 2023, 5,144 mwaka 2024. Kila mwaka idadi inapanda, na wa pikipiki, dereva na abiria, ni sehemu kubwa sana ya hao.

Sheria tunayo. Kanuni za helmeti zipo tangu 2004, na abiria halali kwenye pikipiki ni mmoja tu. Rushwa ya barabarani kila mtu anaijua, sina la kuongeza. Helmeti zinazouzwa sokoni nyingine ni ganda la plastiki ambalo nazi ingelipasua, na wanaoziingiza wanapaswa kushitakiwa. Barabara ni mbovu, ndiyo, ingawa vifo vingi ninavyovijua mimi vimetokea kwenye lami nzuri.

Linalonipa moyo ni kwamba tabia hubadilika pale mtu anapoamua kuibadilisha. SafeBoda, kampuni ya boda zinazoitwa kwa simu, walipoanza Kampala mwaka 2014 walikuja na helmeti mbili, ya dereva na ya abiria, na watu wengi walicheka. Baada ya miaka michache abiria wa mjini alikuwa ananyosha mikono kuipokea helmeti bila kuambiwa. Vijana walikuwa walewale, wa umri uleule, wenye damu ileile ya moto. Kilichobadilika ni kwamba aliyevaa ndiye aliyepata kazi. Corona ilipokuja mwaka 2020 na boda zikakatazwa kubeba watu kwa miezi, helmeti ya abiria iligeuka kitu cha kuogopwa, na wengi hawakuirudia tena. Tulichojenga polepole kiliporomoka, na sijasikia mtu wa mamlaka akilisemea.

Basi ninawaomba wenyeviti wa steji, ambao vijana wanawasikiliza kuliko wanavyomsikiliza trafiki, wabadilishe foleni: asiye na helmeti kichwani hapewi zamu. Hilo halihitaji bunge. Steji ina kanuni za foleni, ina faini, ina daftari la michango ya misiba. Inaweza kuandika na hili.

Ila kuna jambo linaloniuma kuliko yote, na ndilo lililonifanya nisilale usiku ule wa mazishi. Simama barabarani saa moja kasorobo asubuhi, siku yoyote ya shule. Utaona boda moja imebeba watoto wanne. Mdogo kabisa amekaa juu ya tangi, mbele ya dereva, mikono yake kwenye usukani. Watatu wako nyuma na mabegi yao. Hakuna helmeti hata moja. Dereva amelipwa kwa mwezi, na aliyemlipa ni mzazi, mtu wa miaka arobaini na kitu, aliyesimama mlangoni akiwapungia mkono. Yule wa kwenye tangi ana miaka minne. Kabla hajajua kusoma amekwisha fundishwa, na baba na mama yake, jinsi pikipiki inavyopandwa. Akifika miaka kumi na tisa tutampa kipaza sauti mzee mwingine aseme kwamba vijana hawaogopi kufa.

Kwa hiyo maneno yangu ya mwisho ni kwa shule zetu. Kila muhula mnatupa karatasi ya mahitaji: fagio, karatasi za chooni, rimu ya karatasi, sabuni, wakati mwingine hadi jembe. Tunalalamika, lakini tunaleta, kwa sababu mtoto asipoleta anarudishwa getini. Muhula ujao ongezeni mstari mmoja: kwa kila mtoto anayekuja na boda, helmeti inayomtosha kichwani. Na boda itakayofika getini na watoto wanne, mwandikieni mzazi barua siku hiyohiyo, kama mnavyomwandikia anapodaiwa ada.

Mzazi akisema hana pesa, mwambieni apunguze chochote kingine kwenye ile karatasi. Mimi niko tayari mtoto wangu akose fagio.