Meseji ya kliniki imeniulizia mimi mwenyewe

Jana asubuhi mtoto kalala, nikasema ngoja nikoroge uji, simu ikalia. Meseji kutoka kwa daktari wangu wa hapa Coventry, England: Alhamisi saa nne na nusu una miadi, ni ya kukuangalia wewe mama baada ya kujifungua, kama huwezi kufika tujibu tukupangie siku nyingine. Ni ya pili hiyo kwa miadi hiyo hiyo, ya kwanza ilikuja wiki iliyopita. Nikaisoma mara mbili nimesimama na mwiko mkononi na sioni aibu kusema machozi yalinilenga, hadi uji ukashika chini.

Najua kuna watakaosema huyu naye, meseji ya daktari tu analia. Ila nyie mliozaa nyumbani mtanielewa kabla sijamaliza. Kwetu ukiwa na mimba wewe ndio mwenye kadi. Unapimwa uzito, presha, damu, unalala kitandani nesi anakuwekea kile kipembe tumboni anasikiliza moyo wa mtoto, unaulizwa miguu inavimba? unalala vizuri? Ukishajifungua, kadi inakuwa ya mtoto na wewe unabaki kuwa mtu wa kuileta. Wiki ya sita unafika, "mama lete kadi", mtoto anavuliwa, anavalishwa kile kibukta, anatundikwa kwenye mzani, nukta inawekwa kwenye mstari, chanjo ya paja, tarehe ya wiki ya kumi inaandikwa, haya mwingine. Hakuna aliyekuangalia usoni. Sisemi manesi wana roho mbaya, nesi mmoja ana wazazi sitini kwenye benchi na hata maji hajanywa, nimeyaona kwa macho yangu. Nasema tu mfumo mzima ukishampata mtoto unamwacha mama.

Mimi wa kwanza nilimzaa Tanga 2016. Nilijifungua salama, kesho yake mchana nikaruhusiwa, nikaambiwa rudi baada ya siku saba. Basi. Nikarudi nyumbani kwa mama, nikaingizwa ndani arobaini yangu, maji ya moto asubuhi na jioni, mkaja umefungwa, uji wa pilipili manga, raha mustarehe. Siku ya sita kichwa kikaanza. Sio kichwa cha uchovu, kichwa cha kutaka kukipasua ukutani, na machoni naona vimulimuli kama mtu aliyetazama jua. Mama mdogo akasema ni baridi ya uzazi, ongezeni maji ya moto. Nikakandwa. Usiku nikatapika. Kilichoniokoa ni jirani yetu mmoja, nesi mstaafu, alikuja kumwona mtoto tu na zawadi yake ya kanga, akaniangalia uso akasema huyu uso umevimba, akatuma mtoto kwake akalete kipimo cha presha. 160 kwa 110. Saa ile ile bajaji, hospitali. Kule ndio nikajua kwamba kifafa cha mimba kinaweza kumpata mtu hata mimba ilishatoka, mtoto yuko mkononi ananyonya. Nilikuwa nimesoma mpaka chuo na sikulijua hilo.

Sasa niambieni, ile "rudi baada ya siku saba" ilikuwa wapi? Ilikuwa kwenye kadi, kadi ilikuwa kwenye mfuko wa nailoni, mfuko ulikuwa juu ya kabati, na mimi nilikuwa ndani arobaini. Hakuna mtu aliyenizuia kwenda, jamani, hakuna hata aliyekumbuka! Na kama jirani asingekuja siku hiyo siku ya saba ingepita kimya kimya na hakuna kituo ambacho kingejiuliza yule mzazi wa juzi yuko wapi mbona hajaja.

Hapo ndio tofauti ninayoizungumzia na sina nyingine, sizungumzii barabara za huku wala umeme. Huku nilikuwa NASUBIRIWA. Kesho yake baada ya kutoka hospitali mkunga alikuja nyumbani akapiga hodi. Siku ya tano akaja tena, akamtoboa mtoto kisigino wachukue damu, halafu akageuka akasema haya na wewe kaa hapa, akanipima presha, akauliza damu inatokaje, akauliza mshono, akauliza kama nalala, kama nalia lia bila sababu. Kuna siku nilikuwa bafuni wakanipigia sikupokea, ndani ya saa moja ikaja meseji tumekupigia hatujakupata, uko salama? Mtu baki kabisa. Nikamjibu niko salama, ila nilikaa muda mrefu nimeishika ile simu.

Na ratiba yao nikiitazama ni ile ile yetu bwana! Kwetu mwongozo unasema mzazi aonekane ndani ya masaa 48, halafu siku ya saba, siku ya 28, siku ya 42. Imeandikwa vizuri, imebandikwa ukutani, nesi yeyote anaijua kwa kichwa. Sio kwamba wenzetu wana akili kuliko sisi, tunachokosa ni yule mtu au kile kitu cha kukushtua siku yenyewe ikifika. Mwaka ule ule niliozaa, ule utafiti mkubwa wa afya wa 2015/16 ulikuta wazazi walioangaliwa ndani ya siku mbili baada ya kujifungua ni 34% tu. Theluthi moja. Mimi nilikuwa kwenye theluthi iliyoangaliwa, na bado siku ya sita nusura nife.

Najua kuna mtu anaandika sasa hivi, "kaenda majuu juzi keshaanza kutudharau". Ndugu yangu, siwadharau. Mimi nikisikia mtu hapa anasema Afrika wanawake wanakufa tu kama nzi namjibu pale pale, namwambia Tanzania vifo vya wazazi vilikuwa 556 kwa kila vizazi hai laki moja kwenye takwimu za 2015/16, na takwimu za 2022 zikaonyesha 104, na wanaojifungulia vituoni wamefika 81%. Nitajie nchi ngapi zimeshuka hivyo kwa muda huo. Najivunia na nitaendelea kujivunia. Lakini kama tumeweza kumtoa mama shambani mpaka kwenye kitanda cha kujifungulia, tunashindwaje kumrudisha baada ya wiki moja?

Na huku sio peponi, nisieleweke vibaya. Huko kumwangalia mama wiki ya sita mpaka ya nane, England wamekuweka rasmi kwenye mkataba wa madaktari wao mwaka 2020 tu, kabla ya hapo ilitegemea umepata daktari gani, kwa hiyo hata wao walikuwa wanamsahau mama na ikabidi watu wapige kelele. Meseji zenyewe ni za Kiingereza, jirani yangu Msomali huwa ananigongea mlango nimsomee. Na siku ya tatu baada ya kujifungua nilikuwa nasimama kwenye sinki naosha vyombo mwenyewe, hakuna mama, hakuna shangazi, hakuna wa kunikanda. Usiku ule nilitamani ile arobaini ya Tanga mpaka kifua kikauma. Ndio maana inaniuma zaidi, maana sisi tuna mikono yote ile inayomshika mzazi na tumekosa kengele tu ya kuiambia ile mikono leo ni siku ya saba, mtoeni mkampime.

Mwingine atasema meseji sio dawa, meseji haikubebi kwenda zahanati. Kweli, sibishi. Lakini na yeye akubali kwamba jambo hili lilishajaribiwa kwetu kwetu, sio Ulaya. Zanzibar kabla hata simu janja hazijaenea walifanya majaribio kwenye vituo 24, wajawazito zaidi ya 2,500, kundi moja likawa linatumiwa meseji za kukumbushwa na kupewa vocha ili mama aweze kumpigia mkunga mwenyewe. Kwenye lile kundi la simu waliozalishwa na mtaalamu walikuwa 60%, wenzao wa kundi lisilotumiwa meseji 47%. Waliohudhuria kliniki mara nne au zaidi kabla ya kujifungua ni 44% kwa 31%. Na walisema ukweli pia kwamba kwenye kujifungua faida ilionekana kwa wanawake wa mjini, shamba haikuonekana hivyo. Hayo matokeo ya kujifungua yalitoka 2012. Na mwaka huo huo bara ikaanza ile ya kutuma neno MTOTO kwenda 15001 bure, ulikuwa unaletewa meseji za ujauzito na za wiki za mwanzo za mtoto, kwa Kiswahili chetu. Kwa hiyo msiniambie nimeleta mambo ya wazungu.

Mimi mwenyewe nilijiunga na hiyo, ngoja niwaambie ilikuwaje. Nilijiunga kwa simu ya baba watoto kwa sababu yangu kioo kilikuwa kimekufa. Yeye alikuwa dereva wa malori. Basi meseji zikawa zinafika vizuri tu, zinamkuta Tunduma yuko kwenye foleni ya mpaka! Anazisoma yeye, usiku akipata nafasi anapiga, "mama nanihii wamesema unywe maji mengi", "wamesema dalili za hatari ni kichwa kuuma sana na kuona maruweruwe". Hii ya kichwa alikuja kuniambia nikiwa nimeshatoka hospitali. Meseji ilikuwa sahihi kabisa, ilisema kile kile kilichonipata, ila ilisomwa Tunduma na kichwa kinauma Tanga. Sikumlaumu mtu, ila sijawahi kuisahau.

Kwa hiyo mimi ninachosema, na ningepata mtu wa wizarani wa kunisikiliza ningemshika mkono nimwambie, msiulize tu "namba ya simu?" pale dirishani halafu mkaandika ya yeyote. Ulizeni hii simu analala nayo nani. Na ulizeni anataka iandikwe nini, maana kuna mama ana siri yake ya dawa anazomeza na simu ni ya mume, meseji moja ya kijinga inaweza kumvunjia nyumba, andikeni tu "unasubiriwa kliniki Jumanne" inatosha. Na pili, arobaini. Watu wa afya wanaizungumzia arobaini kama adui, mimi siioni hivyo. Mzazi aliye ndani arobaini haamui mwenyewe kutoka, anayeamua ni mama yake au mama mkwe au yule bibi anayemkanda. Siku ya saba na ya 28 zote ziko ndani ya arobaini, na hiyo ya 42 ndio kwanza katoka siku mbili zilizopita. Sasa meseji unamtumia msichana wa miaka 20 ambaye hana kauli mle ndani, unategemea nini? Mtumieni bibi! Na bibi pengine hasomi vizuri au macho yameshachoka, na simu yake imejaa meseji za kamari na zile za "ile hela tuma kwenye namba hii", haamini tena meseji yoyote. Basi mpigieni, hata iwe sauti iliyorekodiwa, sauti ya mama mtu mzima, "shikamoo bibi, leo mzazi wako ametimiza siku saba, tunaomba umlete wewe mwenyewe apimwe presha". Bibi akiombwa hivyo kwa heshima yake atakuja, tena atakuja mapema na atamtetea mzazi wake kwenye foleni.

Na namba ya kujibu iwepo. Meseji isiyojibika ni tangazo tu. Mimi huku kilichonigusa sio ile mashine iliyonikumbusha, ni kwamba ningesema "siwezi Alhamisi" kuna mtu angesoma.

Haya sasa sababu iliyonifanya nikae niandike yote haya. Mdogo wangu amejifungua Ijumaa iliyopita, Korogwe, mtoto wa kike, kilo tatu na kitu. Leo ni siku ya sita. Ile ile. Simu yake ni ya batani na haina chaji nusu ya wiki, kwa hiyo namba niliyoishika ni ya mama. Nimeamka saa kumi alfajiri za huku, kule saa moja asubuhi, nikapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, mbona usiku usiku huko kwenu, kuna nini?"

Nikamwambia hakuna kitu, kesho mzazi anatimiza siku saba, kadi iko wapi? Akanyamaza kidogo. Akasema kadi ipo, kaiweka juu ya kabati, lakini mtoto hajatoka bado, watu watasema nini, upepo huu. Nikamwambia mama, unakumbuka kichwa changu? Akanyamaza tena, safari hii kwa muda mrefu, nikasikia jogoo anawika kule nyuma. Halafu akasema, "Basi nitamtoa mwenyewe. Nitamfunga kanga mbili na mtoto nitambeba mimi."

Nikamwomba wasimpime mtoto peke yake. Amwambie nesi, huyu mama yake ndio nimemleta, mtoto kaja kusindikiza. Akacheka, akarudia maneno yale ili asiyasahau. Kesho saa kumi nitaamka tena nimpigie kabla hawajatoka.